Kuhamishia Doom kwenye mashine nne: kwa nini msimbo uleule unatenda tofauti kila mahali?

MkaaziWaTudor ameuliza:

Assalamu alaykum wanajukwaa, na amani kwenu nyote.

Hapa Tudor, Mombasa, tuna kikundi kidogo cha vijana waliomaliza kidato cha nne, ambao hukutana siku za Jumamosi kujifunza lugha ya C. Baada ya mazoezi ya vitabuni niliona heri tushike msimbo mmoja mkubwa uliowahi kufanya kazi ya kweli, tuusome kwa makini, kisha tuuhamishie kwenye mashine tulizo nazo. Nimechagua Doom, mchezo wa kupiga risasi uliotolewa na id Software tarehe 10 Desemba 1993 kwa ajili ya kompyuta za DOS, kwa kuwa msimbo wake chanzo ulifunguliwa kwa umma mwishoni mwa 1997. Tumechukua toleo lilelile lililofunguliwa wakati huo, yaani la Linux, kabla halijaguswa na mtu mwingine yeyote.

Mashine zetu ni kompyuta ya mezani ya biti 64 yenye Linux, Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 32, Mac ya zamani yenye prosesa ya PowerPC G4 tuliyoinunua kwenye duka la mitumba karibu na Mwembe Tayari na kuitilia Linux, pamoja na kibao kidogo cha Raspberry Pi Pico chenye skrini ya pikseli 320 kwa 240. Sehemu ya kuonyesha picha tumeiandika upya kwa maktaba ya SDL, kwa sababu ile ya asili inadai dirisha la rangi 256 tu na skrini za siku hizi hazilitoi.

Sasa hali ni hii. Kwenye kompyuta ya biti 64, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ililalamikia faili la m_misc.c mahali ambapo anwani za maneno zinageuzwa kuwa namba za int, yaani namba kamili. Tulipoparekebisha, msimbo ulikubali kukompailiwa, lakini mchezo huanguka unapoandaa picha za kuta. Kwenye Raspberry Pi mchezo unaanza vizuri na picha ni safi, ila mchezaji akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, anaruka kwenda mbele kwa kasi ya kutisha. Na akitaka kujisogeza ubavuni kushoto, anakwenda kulia. Kugeuka hakuna tatizo lolote. Mac ina ugonjwa huohuo wa mwendo, na juu yake rangi nyekundu zimekuwa za buluu. Pico hatujaigusa, na ningependa kujua kama jambo lenyewe linawezekana kabla sijawapa vijana matumaini.

Nitashukuru mkinieleza sababu pamoja na dawa, kwa kuwa nia yangu ni vijana waelewe kilicho chini ya tatizo.

FundiWaKizingo amejibu:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Umechagua msimbo mzuri wa kufundishia, na maradhi uliyoyaeleza yanajulikana. Naomba nianze na umbile la msimbo wenyewe, kwa sababu ukilielewa, mengine yatafuata kwa urahisi.

Doom iliandikwa karibu yote kwa C, na iliundwa kwenye kompyuta za NeXT ilhali wateja wake walikuwa watu wa DOS. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo John Carmack, mwandishi mkuu wa msimbo, na wenzake walikuwa na mashine mbili zisizofanana: NeXT zao zilitumia prosesa za Motorola, zinazoanza na baiti kubwa ya namba zinapoihifadhi kwenye memori, na kompyuta za wateja zilitumia za Intel, zinazoanza na baiti ndogo. Ndiyo sababu mambo ya mashine yametengwa katika mafaili machache yanayoanza kwa herufi i: i_video.c la picha, i_sound.c la sauti, i_system.c la saa na memori, na i_net.c la mtandao. Mafaili yanayoanza kwa p ni kanuni za mchezo, ya r ni uchoraji, ya w ni usomaji wa data. Anayehamisha mchezo huu anatarajiwa kuandika upya yale ya i peke yake. Hata hivyo, yamo mambo ambayo waandishi waliyachukulia kuwa ya kweli bila kuyaandika popote, na hayo ndiyo yanayokusumbua kwenye mashine tatu.

Tuanze na kompyuta ya biti 64. Mwaka 1993 pointa, yaani kigezo kinachoshika anwani ya memori, ilikuwa baiti 4, na int vilevile ilikuwa baiti 4, basi wakaandika kana kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Fungua r_data.c, utazame R_InitTextures. Utaona memori ya orodha ya pointa inaombwa kwa kuzidisha idadi ya picha kwa 4. Kwenye mashine yako kila pointa ni baiti 8, kwa hiyo umepewa nusu ya nafasi unayohitaji na nusu nyingine unaiandikia juu ya data ya wengine. Badilisha kila 4 ya namna hiyo iwe sizeof ya pointa.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye strakti (fungu la data lenye nyuga zinazofuatana) ya maptexture_t katika faili hilohilo. Kuna uga unaoitwa columndirectory, ambao waandishi wenyewe waliuwekea maelezo kuwa hautumiki tena, nao umetangazwa kuwa pointa. Strakti hii inawekwa moja kwa moja juu ya baiti zilizosomwa kutoka faili la WAD, linalohifadhi picha, sauti na ramani za mchezo, na ndani ya WAD uga huo ni baiti 4 tu, hata mashine ikiwa ya aina gani. Kwenye biti 32, idadi ya vipande vinavyounda picha inasomwa kwenye baiti ya 20 kutoka mwanzo. Kwenye biti 64, pointa imepanuka na idadi hiyo sasa inasomwa kwenye baiti ya 24, ambako kuna namba nyingine kabisa, yaani mahali pa kuanzia kipande cha kwanza. Programu inaamini ina vipande vingi mno, inavitafuta visivyokuwepo, kisha inaanguka. Tangaza uga huo kuwa int na tatizo litaondoka. Ningependa vijana wako wachore strakti hiyo kwenye karatasi, baiti kwa baiti, kwa mashine zote mbili, kabla hujawaonyesha jibu. Ni somo ambalo hawatalipata katika mazoezi ya kitabuni.

Zimebaki sehemu mbili za jamii hiyo. Katika R_InitColormaps na katika R_InitTranslationTables, pointa inageuzwa kuwa int ili anwani ifikishwe kwenye kigawe cha 256. Kwenye biti 64 nusu ya juu ya anwani inapotea hapo. Tumia uintptr_t, namba yenye upana wa pointa, badala ya int. Na katika z_zone.c, ukubwa wa kila ombi la memori unapandishwa kufikia kigawe cha 4. Upandishe kufikia cha 8.

Sasa mwendo wa kurudi nyuma. Umesema kugeuka hakuna tatizo, na maneno hayo ndiyo yaliyonionyesha chanzo. Katika d_ticcmd.h, amri ya mchezaji kwa kila kipigo cha saa imewekwa katika strakti ndogo: mwendo wa mbele ni char (namba ya baiti moja), mwendo wa ubavuni ni char, na pembe ya kugeuka ni short (namba ya baiti mbili). Lugha ya C haikuamua kama char tupu inabeba namba hasi au haibebi. Uamuzi huo umeachiwa kompaila. Kwenye prosesa za Intel, char hubeba namba hasi. Kwenye Linux ya ARM na ya PowerPC, haibebi. Mchezaji anayetembea kwenda mbele ana thamani ya 25, na anayerudi nyuma ana hasi 25. Hasi 25 ikiwekwa kwenye char isiyobeba hasi inakuwa 231, na mchezaji anasukumwa mbele kwa nguvu inayozidi mara tisa ile ya kutembea. Kushoto ni hasi vilevile, basi kunakuwa kulia. Pembe ni short, ambayo hubeba hasi kila mahali, na kwa hiyo haikuguswa na ugonjwa huu.

Dawa ni kuandika signed char katika sehemu hizo mbili. Unaweza pia kumwamuru kompaila kwa chaguo la -fsigned-char, lakini mimi sipendelei njia hiyo, kwa sababu inaliacha kosa ndani ya msimbo likimsubiri mtu atakayekompaili bila kujua.

Rangi za Mac ni suala la mpangilio wa baiti, nami naamini kosa limo katika i_video.c yenu mpya. Data za WAD zote zimeandikwa kwa kuanza na baiti ndogo, na msimbo wa asili umezizungushia makro za SHORT na LONG zilizo katika m_swap.h. Hakikisha kompaila ya Mac inatangaza __BIG_ENDIAN__, maana makro hizo hufanya kazi likitangazwa neno hilo tu. Bila hilo, namba 1 ndani ya WAD ingesomwa kuwa 16777216 na mchezo usingeanza kamwe. Kwa kuwa kwenu unaanza, makro zinafanya kazi. Bila shaka mmejaza rangi tatu kwenye safu ya baiti nne, kisha mkaisoma safu hiyo kama namba moja ya biti 32. Ijengeni pikseli kwa kusogeza biti, nyekundu mahali pake, kijani mahali pake, buluu mahali pake, au muiombe SDL iwapangie yenyewe.

Mwisho, angalia saa. Mchezo huu hupiga vipigo 35 kwa sekunde, na kanuni zake zote zinategemea namba hiyo. Nimeona watu wakiweka kipima muda cha milisekunde 28 kwa kipigo, kwa kuwa 1000 gawa kwa 35 ni 28.57 na kipima muda hakikubali desimali. Matokeo yake mchezo unakwenda haraka kidogo kuliko ipasavyo. Zidisheni milisekunde zilizopita kwa 35 kwanza, kisha ndipo mgawe kwa 1000.

BintiMakupa amejibu:

Salaam, Mwalimu, na ahsante kwa Fundi kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi nitajibu la Pico peke yake.

Linawezekana, na limekwisha kufanywa. Graham Sanderson alitoa mwaka 2022 toleo la Doom la chipu ya RP2040, ambayo ndiyo iliyo kwenye Pico yako, na sehemu ya kwanza ya mchezo, ile inayosambazwa bure, imeenea yote ndani ya memori ya flashi ya megabaiti 2. Hata hivyo, tafadhali usiwape vijana kazi hiyo kama hatua ya kwanza, wala usiilinganishe na kuhamishia kwenye Raspberry Pi kubwa. Kwenye ile kubwa mnabadilisha mafaili machache. Kwenye Pico mnabadilisha fikra nzima ya mchezo kuhusu memori.

Tazama hesabu zenyewe. Doom ya DOS ilihitaji kompyuta yenye megabaiti 4 za memori. Toleo la Linux mlilonalo huanza kwa kujitengea megabaiti 6. Pico ina kilobaiti 264. Faili la WAD la toleo la bure linakaribia megabaiti 4.2, kwa hiyo hata kwenye flashi ya megabaiti 2 haliingii bila kubanwa. Ukifungua v_video.c utakuta V_Init inaomba skrini nne za pikseli 320 kwa 200, kila pikseli baiti moja: skrini moja ni baiti 64,000, na nne ni 256,000. Kwa maneno mengine, kabla hujachora ukuta mmoja wala kumweka adui mmoja, skrini hizo zimekwisha kumeza karibu memori yote ya chipu.

Njia ya kuanzia ni kuuliza kila kitu: je, hiki kinabadilika mchezo ukiendelea? Kisichobadilika kinahamia flashi. Majedwali ya hesabu za pembe yaliyo katika tables.c hayabadiliki kamwe: la sine lina namba 10,240, la tanjenti lina 4,096, na lile la kutafutia pembe lina 2,049, na kila namba ni baiti 4. Jumla ni baiti 65,540, takriban robo ya memori ya Pico, nazo zimetangazwa bila neno const! Mkiliongeza neno hilo, majedwali yote matatu yanabaki kwenye flashi. Orodha ya hali za maadui katika info.c inastahili jicho hilohilo, ingawa hapo mtahitaji kukagua kama kuna msimbo unaoiandikia.

Kisha WAD yenyewe. Mchezo wa asili husoma kipande cha WAD kutoka diski na kukinakili kwenye memori. Kwenye chipu ambayo flashi yake inasomeka kwa anwani za kawaida, hakuna haja ya kunakili. Kazi ya W_CacheLumpNum inaweza kurudisha pointa inayoelekea flashi moja kwa moja. Hapo ndipo maneno ya Fundi yanarudi kwa nguvu mpya, kwa sababu prosesa ya RP2040 haikubali kusoma namba ya baiti 4 kwenye anwani isiyogawika kwa 4. Intel ingesoma kwa utulivu. Hii inasimamisha programu palepale.

Jambo la tatu ni hesabu ya kugawanya. Doom inatumia namba za nukta isiyohama, biti 16 za namba kamili na biti 16 za sehemu, kwa sababu prosesa za 386 zilizolengwa kwa kawaida hazikuwa na kitengo cha nukta inayohama. Lakini katika toleo la C, FixedDiv2 ndani ya m_fixed.c inageuza namba kuwa double, inagawanya, kisha inazirudisha. RP2040 nayo haina kitengo hicho, na kila mgawanyo wa double unafanywa kwa programu, polepole. Andikeni mgawanyo huo kwa namba kamili za biti 64.

Kuhusu skrini, fremu moja ya 320 kwa 200 yenye biti 16 kwa pikseli ni biti 1,024,000. Mkitaka fremu 35 kwa sekunde, waya wa data lazima upitishe karibu biti milioni 36 kila sekunde. Someni karatasi ya maelezo ya skrini yenu kabla ya kuahidi kasi yoyote. Rangi zibadilishwe kutoka baiti moja hadi biti 16 mstari kwa mstari wakati wa kutuma, msitenge skrini nyingine ya biti 16 ndani ya memori, maana hiyo peke yake ni baiti 128,000.

Kama nia ni vijana waone mchezo kwenye kibao kidogo mapema, tafuteni kibao cha ESP32 chenye memori ya nyongeza ya megabaiti 4. Kwa hicho kuna toleo lililotokana na PrBoom, toleo jingine la Doom, na mnaweza kulisoma mkaona wenzenu walikata wapi.

NahodhaWaLikoni amejibu:

Ndugu Mwalimu, naheshimu uamuzi wako wa kuanza na msimbo wa asili, lakini naona mnajichosha kwa matatizo ambayo wengine wameshayatatua. Chocolate Doom, iliyoanzishwa na Simon Howard, inatumia SDL, inakwenda kwenye biti 64, kwenye ARM na kwenye PowerPC, na imeshikilia tabia za mchezo wa DOS kwa uangalifu mkubwa. Na kama mnataka kuhamishia kwenye kifaa kigeni kabisa, kuna doomgeneric, ambayo imepunguza shughuli yote hadi kazi chache za C: kuanzisha, kuchora fremu, kulala kwa milisekunde, kusoma saa, kusoma kitufe, na kuweka jina la dirisha ikiwa lipo dirisha. Mtu anaweza kuzijaza na kuuona mchezo siku hiyohiyo.

Nina neno pia kuhusu leseni, kwa kuwa unafundisha. Msimbo ulitolewa kwanza, tarehe 23 Desemba 1997, kwa masharti ya kutofanyia biashara. Mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni ya GPL. Kwa hiyo mkimpa mtu programu mliyoikompaili, mnawajibika kumpa na msimbo wake pamoja na mabadiliko yenu. Leseni hiyo haikufungua picha, sauti na ramani zilizo ndani ya WAD. Sehemu ya kwanza yenye ramani tisa inaruhusiwa kusambazwa bila kubadilishwa, zilizobaki zinanunuliwa. Nimeona katika mji wetu WAD kamili zikipitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono kana kwamba ni mali ya umma, na ningependa kikundi chako kisianze hivyo. Mkitaka data huru kabisa, mradi wa Freedoom umetengeneza picha, sauti na ramani zake wenyewe.

MkaaziWaTudor amejibu:

Nawashukuru sana nyote watatu.

Fundi, marekebisho yote yamefanya kazi. Vijana walichora strakti ile kwenye ubao, na mmoja wao aligundua baiti ya 24 kabla sijasema neno. Darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Mwendo wa nyuma umerudi sawa kwenye Pi na kwenye Mac, na rangi ni nyekundu tena. Dada Binti, Pico tutaiweka kando hadi vijana wakomae, na hesabu zako nimewaandikia wazifanye upya wenyewe.

Nahodha, suala la WAD nimelipokea kwa mikono miwili. Kuhusu Chocolate Doom, nitaitumia kama kitabu cha majibu cha kulinganishia, lakini sitawaanzisha nayo. Kijana anayepokea msimbo uliokwisha kusafishwa haoni kwa nini mtu aliandika signed char mahali fulani, na akiona anadhani ni mapambo.

Limebaki moja. Niliwaambia vijana wachezeshe demo (rekodi za mchezo uliokwisha kuchezwa) zilizo ndani ya WAD ili tulinganishe mashine. Kwanza mchezo ulizikataa ukisema ni za toleo jingine. Tulipouondoa ukaguzi huo, kwenye kompyuta ya mezani na kwenye Pi demo ya kwanza inakwenda vilevile, hatua kwa hatua. Kwenye Mac, ambayo tulilazimika kutumia kompaila nyingine ya zamani, mchezaji anaanza vizuri, kisha baada ya mapambano kadhaa anaanza kugonga kuta na kupiga risasi hewani. Char tumezirekebisha, mpangilio wa baiti tumeukagua. Tutazame wapi?

FundiWaKizingo amejibu:

Mwalimu, hiyo ndiyo hatua niliyotarajia mfike, na nafurahi mmeifikia kwa demo badala ya kutazama kwa macho tu.

Kukataliwa kwa demo kuna sababu nyepesi. Msimbo uliofunguliwa unajitambulisha kuwa toleo la 110, ilhali demo za WAD ya 1.9 zimeandikwa 109. G_DoPlayDemo inalinganisha namba hizo na kukataa. Msiuondoe ukaguzi wote, urekebisheni ukubali 109 pia, ili demo ya kale zaidi isije ikachezwa kimakosa.

Kupotea njia ni jambo zito zaidi. Demo haibebi picha wala mahali alipo mchezaji. Inabeba amri tu: kwa kila kipigo, baiti 4, yaani mbele, ubavuni, kugeuka na vitufe, ambazo kwa mchezaji mmoja ni baiti 140 kwa sekunde. Kila kitu kingine kinakokotolewa upya, pamoja na bahati nasibu, ambayo si nasibu ya kweli: m_random.c lina jedwali la namba 256, na kila mwito wa P_Random unachukua namba inayofuata. Mashine zikiita P_Random kwa mpangilio uleule, mapambano yanatoka yaleyale. Mpangilio ukiachana hata mara moja, risasi iliyompata adui itamkosa, adui atasimama njiani, na mchezaji wa demo ataendelea kutii amri zake kana kwamba adui huyo amekufa.

Tafuteni ndani ya mafaili ya p kila mahali palipoandikwa P_Random() - P_Random(). Mmoja wa mahali hapo ni hesabu ya kutawanyika kwa risasi. Lugha ya C haisemi ni mwito upi kati ya hiyo miwili utangulie. Kompaila moja inaita wa kushoto kwanza, nyingine wa kulia, na zote mbili ni halali kisheria. Tofauti inayopatikana ni namba ileile yenye alama iliyogeuka, kwa hiyo risasi iliyotakiwa kupinda kushoto inapinda kulia. Hilo linalingana na ulivyoeleza, kwamba mambo ni mazuri mpaka mapambano yaanze. Andikeni kazi moja ndogo inayoita P_Random ya kwanza, inaihifadhi kwenye kigezo, kisha inaita ya pili na kutoa, halafu muitumie mahali pote. Chocolate Doom ina kazi ya namna hiyo, inaitwa P_SubRandom.

Baada ya hapo, chapisheni kwenye faili mahali alipo mchezaji pamoja na nafasi ya jedwali la nasibu kwa kila kipigo, kwenye kila mashine, kisha mlinganishe mafaili hayo kwa programu ya diff. Kipigo cha kwanza kinachotofautiana kitawaambia mwangalie kazi gani. Zipitisheni demo zote tatu namna hiyo kabla hamjagusa i_sound.c, kwa kuwa sauti itawapa kazi ya aina nyingine: toleo lililofunguliwa ni la Linux kwa sababu maktaba ya sauti ya DOS, iliyoitwa DMX, ilikuwa mali ya mtu mwingine na haikuweza kutolewa, na katika toleo hilo la Linux muziki haumo kabisa. Sauti za risasi na milango zimo, baiti moja kwa sampuli, nyingi zikiwa sampuli 11,025 kwa sekunde, na hizo mtaziweka kwenye SDL bila shida. Muziki umehifadhiwa kwa umbo la MUS na lazima ugeuzwe kuwa MIDI kwanza. Mkifika huko, fungua swali jipya, nami nitakuja na niliyonayo.